Bizhu, Mpimaji wa Gramu Saba

"Dada Bizhu, hivi hiyo mashine yako nayo inakunywa chai?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake Ruiyun, asubuhi, palepale mlangoni, mbele ya watu wawili waliokuwa wameleta chai yao ya vuli kupimwa. Ruiyun alilisema huku anacheka, lakini macho yake hayakucheka. Wale wawili walitazama viatu vyao. Mmoja akakumbuka kwamba ameacha chungu jikoni, akabeba gunia lake, akaondoka nalo.

Bizhu alisimama na ufagio mkononi. "Inakunywaje, Ruiyun? Sema vizuri."

"Nilikuletea kilo ishirini. Nusu kilo moja hutoa pakiti sabini, au siyo? Tangu enzi za mama zetu ni sabini, na vumbi linalobaki tunakunywa wenyewe. Sasa mimi nimehesabu zangu mara tatu. Nusu kilo imenitolea sitini na sita. Zile nne zinakwenda wapi? Mimi nauliza tu. Kuuliza si ugomvi."

"Sijachukua hata jani la chai yako."

"Nani kasema umechukua? Nimesema mashine." Akamgeuzia mgongo, akaenda zake.

Hilo ndilo lililomuuma Bizhu kuliko kama angetukanwa. Maana pale kijijini, juu ya vilima vya Anxi, hakuna mtu ambaye hakujua mkono wake. Aliacha shule darasa la nne, akakaa na wanawake wakubwa kwenye nyungo, kuchambua vikonyo vya chai tangu asubuhi mpaka vidole vinapata weusi usiotoka kwa sabuni. Akiwa na miaka kumi na sita alikuwa tayari anaweza kuchota chai kwa vidole vitatu, akaiweka kwenye mizani, na mizani ikasema gramu saba. Si sita na nusu, si saba na nusu. Gramu saba ndiyo birika moja la mgeni. Ikizidi, chai inakuwa chungu na mgeni anadhani unajionyesha. Ikipungua, anadhani humtaki. Wanaume walikuwa wanawekeana dau juu ya vidole vya Bizhu, naye anakasirika, kwa sababu kamari ni dhambi.

Mume wake alipofariki, mtoto wao ana miaka sita, Bizhu alipanda mpaka hekaluni akapiga magoti mbele ya Guanyin, Mama wa Huruma, akaapa mambo matano. Kutoua, kutochukua asichopewa, kutozini, kutosema uongo, na kutokulewa. Hilo la mwisho halikumsumbua, hajawahi kupenda pombe. Lililomsumbua sana ni la uongo, kwa sababu mwanamke mjane anaulizwa maswali mengi. Lakini alishika. Tarehe mosi na tarehe kumi na tano za mwezi mwandamo hali nyama, anakunywa uji wa viazi vitamu na figili ya chumvi, na hamwambii mtu.

Mashine aliletewa na mwanawe, anayefanya kazi jiji la Xiamen, pale vidole vya mama vilipoanza kuvimba viungo. Ilikaa chumba cha mbele, upande wa pili wa madhabahu. Unamimina chai juu kwenye mdomo mpana. Inatetemeka, inashuka kidogo kidogo kwenye vijia viwili mpaka kwenye kisahani cha mizani. Ikifika gramu saba, kompyuta iliyo pembeni inatoa amri, ulimi wa bati unafunga njia, kisahani kinapinduka na chai inaangukia kwenye kifuko. Bizhu anakipokea kifuko, anakipeleka kwenye ile nyingine inayonyonya hewa, kinatoka kigumu kama kokoto. Siku za kwanza aliihurumia mashine, akawa anaifuta vumbi na kuiambia pole. Baadaye akaizoea. Wanakijiji nao wakaizoea, wakawa wanamletea chai yao wote, kwa sababu walisema mashine ni ya chuma lakini anayeisimamia ni Bizhu.

Na sasa hayo maneno.

Siku tatu baada ya swali la Ruiyun, watu wanne walipita na magunia yao mbele ya mlango wake bila kusimama, wakielekea kwenye kiwanda cha mjini. Walimsalimu vizuri mno. Mtu akikusalimu vizuri mno, ujue ametoka kukusema.

Bizhu hakuwa mtu wa kushuku, lakini shaka ni kama unyevu kwenye gunia: ukianza kona moja, huna habari, mara gunia zima linanuka. Kama yeye hakuchukua, na mashine haina mdomo wa kunywea, basi kuna mkono. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mkwe wake Yanmei, mke wa mwanawe.

Yanmei alitoka Guizhou, mbali, milima mingine. Aliongea haraka, alicheka kwa sauti, alikula pilipili hata asubuhi. Kila mchana alikaa chumba cha mbele karibu na mashine, akaweka simu kwenye kitegemeo chake cha miguu mitatu, akawa anawauzia chai watu asiowaona. "Jamani, tazameni rangi hiyo! Wewe wa Harbin, usipitwe!" Bizhu alikuwa anampenda. Lakini sasa alianza kumtazama mikono.

Alifunga shingo za magunia kwa uzi mwekundu, fundo analolijua yeye. Asubuhi anakuta mafundo yako vilevile, na badala ya kufurahi anasema moyoni, huyu ni mwerevu, ameyajua mafundo yangu. Alisimama nyuma ya pazia mchana akisikiliza. Yanmei akicheka na wateja, Bizhu anajiuliza anacheka nini. Yanmei akinyamaza, Bizhu anajiuliza ananyamazia nini. Usiku akisali anakosea hesabu ya shanga, anaanza upya, anakosea tena.

Siku ya tano aliona kifurushi kitandani kwa Yanmei, kimefungwa kwa gundi, kimeandikwa jina la mama yake kule Guizhou. Bizhu alikigusa. Kilikuwa laini, chepesi kuliko ukubwa wake. Alikibonyeza. Kikachakarika, ule mchakariko anaoufahamu tangu utoto.

"Mama, fungua tu."

Yanmei alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo.

"Nilikuwa natafuta..." Bizhu akaanza. Alikuwa karibu kusema uongo, akakikumbuka kiapo. "Nilikuwa nakishuku kifurushi chako," akasema.

"Kifurushi au mimi?"

Bizhu akakirudisha kifurushi kitandani.

"Nimejua tangu juzi," Yanmei akasema. "Nyuzi nyekundu kila gunia, kama arusi ya panya. Nikasema ngoja nione mama mkwe anataka kumwoza nani." Alicheka kicheko kifupi. Akachukua mkasi, akakata gundi mwenyewe, akamwaga kilichokuwamo kitandani. Ulikuwa mto, umeshonwa kwa kitambaa cha shuka kuukuu. Akaukata mshono nao. Vikavuja vikonyo, vile vikonyo vya chai ambavyo kila jioni hufagiliwa na kutupwa kwenye bustani ya mboga.

"Mama yangu halali. Bibi kizee wa hapo chini ndiye aliyeniambia, mto wa vikonyo unaleta usingizi. Nimekusanya miezi miwili. Ni takataka, nikajua siombi ruhusa ya takataka. Kama ningejua, ningeomba."

Bizhu alikaa kitandani kati ya vikonyo. Alitaka kusema pole, neno alilokuwa akiiambia hata mashine, halikutoka.

Yanmei hakungoja pole. Alikwenda chumba cha mbele, akarudi na pakiti moja ya chai ya Ruiyun iliyokuwa imebaki kwenye kikapu, na mizani ndogo ya zamani ya Bizhu.

"Unataka kufanya nini?"

"Kupima."

"Usipime! Hiyo imeshapimwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Na mashine. Yanmei, hapa kwetu mtu akishakupimia, humpimii tena. Ni kumwita mwizi. Unahesabu pakiti, basi."

"Ndiyo nasema. Kijiji kizima mmehesabu pakiti wiki nzima, hakuna aliyepima hata moja, kwa adabu! Kwetu Guizhou hatuna hiyo adabu. Sisi tunapima." Akakata pakiti, akamimina chai kwenye kisahani.

Gramu saba na nusu.

Wakatazamana. Yanmei akaleta nyingine. Saba na nusu. Nyingine, saba nukta sita. Bizhu akainuka taratibu, akaenda akasimama mbele ya kompyuta, akawasha mashine, akamimina kiganja kimoja cha chai. Kwenye kioo ikaandikwa saba kamili. Akaichukua ileile akaiweka kwenye mizani ya mkono: saba na nusu.

"Inasema uongo," Bizhu akanong'ona, kana kwamba mashine itasikia.

"Chai ya Ruiyun haijapotea," Yanmei akasema. "Yote iko nyumbani kwake. Kila pakiti imeshiba."

Ungedhani Bizhu angekimbia kwenda kupiga kelele kijijini. Hakwenda. Mtu aliyeshukiwa wiki nzima hujifunza kushuku hata habari njema. Nani amefanya mashine iseme uongo? Mashine ya chuma haianzi uongo yenyewe. Akampigia simu fundi Fang, wa mjini, aliyeifunga mashine mwaka juzi. Na alipokuwa anamngoja akaanza kumshuku yeye pia: mafundi nao, si huharibu ili waitwe? Alimwekea chai kama mgeni yeyote, vikombe vitatu kabla ya kuuliza neno, lakini alikaa kiti kinachotazama mikono yake.

Fundi Fang alifungua mashine, akaisafisha, akaigonga kwa kidole. "Mashine yako nzima, shangazi. Haina ugonjwa." Kisha akakaa kwenye kompyuta, akakunja uso. Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma kama ya kukaushia mpunga. "Hii ndiyo mgonjwa. Imechoka. Inatakiwa iseme 'funga' chai ikifika saba, lakini ina shughuli nyingine kichwani, inachelewa kufumba na kufumbua. Majani kama kumi na matano yanapita kabla ulimi haujafunga. Na kioo kimeshaandika saba."

"Shughuli gani? Sisi hatufanyi kitu kingine humo."

"Nyinyi hamfanyi. Kuna wengine wanafanya." Akaonyesha kwa kalamu majina madogo yaliyopangana kwenye kioo. "Hiki ni kirusi kinachoitumia kompyuta yako kufanya hesabu za mtu asiyejulikana, usiku na mchana. Hiki kinasikiliza unachoandika. Na hiki hapa, kidogo, ndicho kilichotangulia. Hiki ndicho kibaya kuliko vyote."

"Kinaiba nini?"

"Hakiibi kitu. Ndiyo ubaya wake. Kazi yake ni kuingia, kukaa kimya, halafu kuwafungulia wenzake mlango. Ukimkamata mkononi hana kitu. Unasema, mgeni mwema."

Bizhu akasogea karibu na kioo. "Nani alikiingiza?"

Fundi akamgeukia Yanmei. Watu wote humgeukia Yanmei. "Wewe ndiye wa matangazo, dada. Umepakua nini hapa?"

"Mimi natumia simu yangu!" Yanmei akawaka. "Hiyo kompyuta yenu sijaigusa, ina masizi ya ubani."

"Basi tuone tarehe." Fundi akabonyeza. "Kimefunguliwa na mtu, kwa mkono. Mwezi wa saba, tarehe ishirini na nne, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kilikuja kimejificha ndani ya picha."

"Mwezi wa saba nilikuwa kwetu Guizhou," Yanmei akasema, na safari hii hakucheka.

Bizhu hakuhitaji kutazama kalenda ya ukutani, lakini alitazama. Tarehe ishirini na nne mwaka huo iliangukia kumi na tisa ya mwezi mwandamo wa sita, sikukuu ya Mama Guanyin. Alfajiri hiyo aliamka, akaoga, akala kitoweo cha tofu bila chumvi. Na kabla ya kwenda hekaluni alifungua kwenye kompyuta picha aliyotumiwa jana yake, picha ya Mama amekaa kwenye yungiyungi. Alitumiwa na Ruiyun, kwa maneno haya: "Dada, kwangu kwenye simu haifunguki. Jaribu wewe kwenye kioo chako kikubwa, mweke juu ya mashine aibariki chai yetu." Nayo ilifunguka vizuri kabisa. Yungiyungi likachanua, jani kwa jani, mwanga ukajaa. Bizhu aliwasha ubani mbele ya kompyuta, akainama mara tatu. Majira ya joto yote, wakati mashine imelala hakuna chai ya kupima, kila asubuhi aliifungua ile picha akaiinamia.

"Ni mimi," akasema.

Fundi Fang alikohoa, akarudi kwenye kazi yake. Alifuta kila kitu. Alipofika kwenye picha aliuliza, "Na hii?" Bizhu akasema, "Na hiyo," kisha akafumba macho mpaka imekwisha.

Jioni ile alikaa na Yanmei jikoni. Alimshonea ule mto upya kwa mkono wake, sindano ndogo ndogo, akaongeza vikonyo ujae. Ndipo likatoka. "Nimekukosea, mwanangu. Nilikutazama mikono."

Yanmei alikuwa anakata pilipili. Alizimaliza zote kwanza. "Sijakusamehe leo," akasema mwishowe. "Nikikusamehe leo nitakuwa nimesema uongo, na nyumba hii uongo haukai. Ngoja kidogo." Halafu akamsogezea Bizhu bakuli lake la uji, lisilo na pilipili.

Kesho yake Bizhu alituma ujumbe kwa kila mtu aliyemletea chai vuli hiyo: njoo na pakiti zako tano. Walikuja, wengine kwa hamu ya kuona ugomvi. Ruiyun alikuja wa mwisho, mikono kifuani. Bizhu aliwawekea chai, akaweka mizani mbili mezani, akawaambia wapime mbele yake. Hakuna aliyesogea. Walioneana haya, kama watu walioambiwa wavue nguo.

"Pimeni tu," Yanmei akasema. "Mimi ndiye nisiye na adabu, semeni Mguizhou katulazimisha."

Wakacheka, wakapima. Saba na nusu, saba na nusu, saba nukta sita. Mzee Su, mwenye shamba la juu kabisa, alipima zake zote tano kisha akaanza upya, akavua miwani, akaifuta. "Kwa hiyo tumekuwa tukikusema wiki nzima, na chai imelala makabatini kwetu."

"Mmenisema?" Bizhu akauliza.

"Aa, si sana." Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akamshika Bizhu mkono, akamwambia gunia lake la kiwandani atalirudisha hapa kesho. Ruiyun alikuwa ameweka kichwa chini, anapanga pakiti zake, anazipangua.

Bizhu akawaeleza habari ya kompyuta, kwa maneno ya fundi Fang, kile kisichoiba bali kinafungua mlango. Akasema kilikuja ndani ya picha ya Mama Guanyin. Akasema aliyeifungua ni yeye, kwa vidole vyake, na kuiwashia ubani.

Hapo Ruiyun akainua macho. Uso ulikuwa umempauka.

"Loo!" Mzee Su akapiga meza. "Kumdhihaki Mama namna hiyo! Na nani alikutumia?" Macho yake yalikwisha kwenda kwa Yanmei, na ya wengine yakafuata, yote, kama kuku waliorushiwa mchele. "Hawa wa simu hawa. Kila siku wanaongea na watu wasiojulikana. Sema, Bizhu. Si tunajuana hapa? Anayeleta mwizi kijijini lazima ajulikane."

"Si mkwe wangu. Alikuwa kwao."

"Basi nani? Alikuwa na nia gani?"

"Hakuwa na nia mbaya."

"Unajuaje? Taja jina, tumuulize wenyewe."

Ruiyun alishika kikombe kwa mikono miwili, macho yako mlangoni. Yanmei alimtazama Ruiyun, akamtazama mama mkwe wake, na hapo akaelewa, akafungua mdomo. Bizhu akamwekea mkono gotini, naye akafunga mdomo.

Bizhu akainuka. Alimwongeza Mzee Su chai, akamwongeza na Ruiyun, kikombe chake kikajaa mpaka ukingoni. Kisha akasema:

"Niliapa kutosema uongo, na mkiniuliza nitajibu. Kwa hiyo naomba msiniulize."